Binti Mwenye Adabu

Kwa Alhamisi tatu mfululizo nesi Angetile alizungumza na kanga. Kanga yenyewe ilikuwa ya kijani, mali ya mama mtu, na ndani yake alikuwamo binti wa miaka kumi na sita aitwaye Asifiwe, amejifunika kutoka utosini hadi kidevuni, magoti ameyabana, mikono ameificha kwapani. Viti viwili vilipangwa uso kwa uso, kama Angetile alivyoelekezwa kwenye mafunzo ya ushauri nasaha, na katikati palikuwa na meza yenye maua ya plastiki. Maua hayo aliyanunua mwenyewe ili chumba kichangamke. Chumba kilichangamka, kanga ikakataa.

"Nitazame, mwanangu," alimbembeleza Alhamisi ya tatu. "Mimi ni kama mama yako. Niambie, kuanzia sifuri mpaka kumi, huzuni yako leo iko ngapi?"

Kanga ilifikiri kwa muda mrefu.

"Kumi ya nini?" ikauliza.

Lo! Muuguzi wa miaka ishirini na sita kazini, aliyewapokea duniani nusu ya vijana wa Ipinda, akajikuta hana jibu. Kumi ya nini, kweli? "Kumi tu," alisema, na hapo hapo akajua amechemsha. Kanga ikanyamaza mpaka saa ikaisha.

Kunyamaziwa hakukuwa jambo alilolizoea. Mdomo wa Angetile haukuwa na kifuniko, na watu walimpenda kwa hilo hilo. Walimwita Mama Ambwene, na walisema bubu akikaa naye nusu saa ataondoka anaomba maji kwa sauti. Kina mama walimwambia ya waume zao kabla hajatoa sindano kwenye pakiti. Ndiyo maana, walipotafuta zahanati nzima mtu wa kupelekwa mafunzoni kujifunza kuzungumza na vijana wenye hofu na sonona, hakuna aliyepoteza muda kuuliza ni nani. Alirudi na cheti, na daftari jipya, na imani kwamba hakuna moyo uliofungwa ambao maneno mazuri hayawezi kuufungua.

Sasa moyo ulikuwa mbele yake, na yeye yuko nje kabisa, anabisha.

Lucy, mama yake Asifiwe, alikuwa amemleta baada ya mambo kumfika kooni. Nyumbani kwao Makwale binti huyu alikuwa na sifa moja kubwa: adabu. Na Wanyakyusa hawana mchezo na adabu. Binti aliyelelewa hamkodolei macho mkubwa wake. Huachia njia, huinama akisalimu, na sauti yake hushuka. Asifiwe aliyatenda yote hayo na kuzidisha. Akiona wazee wamekaa kikundi, alizunguka kwa kupitia mashamba ya mpunga, matope mpaka magotini, kuliko kuwapita mbele. Kanisani alikaa kimya saa tatu bila kugeuza shingo. Akiulizwa jambo alijibu akitazama ardhi. "Sylvester amelea," wazee walisema wakitikisa vichwa, na baba mtu, mzee wa kanisa, aliipokea sifa hiyo mwaka hadi mwaka. Zilishaanza hata kusikika nyumba mbili tatu zinazouliza, kwa mbali, kama huyu binti akimaliza shule ataolewa wapi.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini, tangu ana miaka saba, alikuwa na adabu kuliko bibi yake.

Mwaka jana alianguka shuleni, kengele ilipogongwa karibu na kichwa chake, akapelekwa hospitali kubwa Mbeya. Huko daktari alikaa naye siku mbili, akaandika kwenye karatasi neno moja: usonji. Amezaliwa hivyo, alieleza, na kuzaliwa hivyo si ugonjwa. Kinachomtesa, na kinachoweza kutibiwa kwa mazungumzo, ni hofu na sonona zilizompanda mgongoni. Lucy aliikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Sylvester hakutaka kuiona. "Mtoto mwenye adabu kuliko wote usharikani," alisema, "ndiye mnayemwita mgonjwa? Basi na tuugue wote."

Kisha ukaja mwaka wa kipaimara. Desturi ya usharika wao ni kwamba, wiki moja kabla, vijana huulizwa maswali ya mafundisho mbele ya waumini wote, na mmoja wao huchaguliwa kusimama mbele na kujibu kwa niaba ya wenzake. Mwaka huu walikuwa ishirini na wawili. Unadhani walimchagua nani? Tangu siku hiyo Asifiwe hakwenda shule. Alikula ndizi moja kwa siku, wakati mwingine nusu. Alilala mchana kutwa ameelekea ukutani, na Lucy alipomwamsha alisema haoni kwa nini aamke. Zilibaki wiki tano kufikia Jumapili ya maswali.

"Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho, Mama Ambwene," Lucy alisema mlangoni. "Baba yake anasema nampotezea mtoto nguvu. Asiposema neno, hatarudi."

Alhamisi hiyo ikaangukia siku ya chanjo. Zahanati ilijaa watoto mpaka barazani, kila mmoja akilia kwa ufundi wake, na chumba chenye maua ya plastiki kikageuzwa kuwa cha kupimia uzito. Asifiwe aliishia getini, viganja masikioni. Angetile alimwangalia, akaangalia na ule umati, akamwambia Lucy asubiri kwenye duka la jirani. Yeye na binti wakavuka barabara, wakakata migombani mpaka nyumbani kwake, mwendo wa dakika nne.

Walikaa nyuma ya jiko, jiko la ukuta wa mianzi. Kakao ilikuwa juani kwenye jamvi, na harufu yake kali ilijaza ua. Kuku mmoja mwekundu alikuwa akikwaruakwarua. Angetile alikuwa ndiyo kwanza anavuta vigoda viwili avipange uso kwa uso, sauti ya mzee ikakohoa upande wa pili wa ukuta.

Angetile aliruka, akajibanza kwenye mianzi, akavuta kitenge kichwani. Akamgeukia kuku.

"Wewe kuku! Mwambie tata chai iko kwenye chupa. Na sukari asizidishe, asije akasahau presha."

Upande wa pili fimbo ikagonga ardhi.

"Kuku," ikasema sauti ya mzee, "mwambie mke wa mwanangu nimesikia. Na mwambie chai ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo."

"Kuku, mwambie tata basi leo apike mwenyewe!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa tena, na fimbo yake ikasikika ikiondoka polepole. Angetile alipogeuka aliona kanga imeshuka mpaka shingoni. Asifiwe alikuwa anamtazama kuku kwa makini.

"Kuku hasemi," alisema.

"Hasemi."

"Sasa kwa nini unamtuma?"

"Kwa sababu yule tata ni baba mkwe wangu, mzee Yakobo. Mkwe hatazamwi, wala haongeleshwi uso kwa uso. Siku hizi wengi wameacha, hata mchungaji alishatuambia inatosha. Ila mimi na mzee tumezoeana hivi. Mwaka wa thelathini huu."

"Hujawahi kumtazama?"

"Mgongo wake naujua vizuri. Na kofia."

"Na mnaelewana?"

Angetile alikuwa na utani tayari kwenye ncha ya ulimi. Aliuacha hapo. Katika Alhamisi nne hii ilikuwa mara ya kwanza binti kuuliza kwa kutaka kujua, na swali hili liliuma mahali ambapo hakupategemea.

"Mume wangu alipofariki," alisema, "wanawake walikuja wakanizunguka. Walinitazama usoni siku nzima, wakisubiri nilie. Machozi yakagoma. Nikaona hata aibu, watafikiri sikumpenda. Wiki ya pili, mchana, mzee akaja kukaa upande ule wa ukuta huu. Hakunisalimu. Alisema tu, 'Leo nimepanda migomba miwili, ile mbegu aliyokuwa anaipenda.' Nililia mpaka ng'ombe wakarudi. Baada ya hapo nilimwambia yote. Mwaka mzima, kupitia hapa. Hakuna mtu duniani niliyemwambia mengi kama yule mzee."

"Hakukutazama."

"Hakunitazama."

"Ndiyo maana," alisema Asifiwe.

Akainuka, akachukua kigoda chake, akazunguka jiko. Angetile alisikia kigoda kikikokotwa upande wa pili, kikatua, kikasogezwa tena kidogo.

"Nimekaa," ilisema sauti. "Lakini kuku ameondoka."

"Basi mwache aende. Sema tu, mimi nasikia."

Na binti akasema. Alisema kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma tangazo, na Angetile, aliyewahi kusikiliza vilio vya kila aina, hakuwahi kusikia kitu kilichomkata maini namna ile. Alisema macho ya watu yana kelele. Akimtazama mtu usoni hasikii tena maneno, ndiyo maana hutazama chini. Kengele ya shule, ile rimu ya gari, humwingia kwenye meno. Wazee wakikaa kikundi hajui ni nani atasema kwanza na nini, ndiyo maana hupita matopeni. Mwanzoni alifanya vile kwa sababu ya hofu. Baadaye wakaanza kumsifu, na sifa ikawa mbaya kuliko hofu, kwa sababu sasa lazima afanye vile vile kila siku, asikosee, maana baba anafurahi sana.

"Wote wanasema nina adabu," alisema. "Mimi sina adabu. Naogopa tu. Nimeogopa tangu nikiwa mdogo, na nimechoka, na sasa wanataka nikaogopee mbele ya kanisa."

Angetile alikumbuka daftari lake, ukurasa wa kwanza, Alhamisi ya kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Binti mtulivu, mwenye heshima.* Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Naye pia! Na cheti chake chote!

"Ndaga," alishukuru hatimaye. "Ndaga fijo, kwa kuniambia."

"Saa imeisha," ilisema sauti. "Nitakuja Alhamisi. Hapa, si kule."

Alikuja. Walikaa hivyo hivyo, migongo ikitenganishwa na mianzi, na kila mara Angetile alitangulia kumwambia watazungumza nini, kisha nini, na wataishia wapi, kwa sababu Asifiwe alisema jambo asilolijua linaanzia wapi humchosha kabla halijaanza. Habari ya sifuri mpaka kumi waliizika. Badala yake walipima kwa mafuriko, maana kila mtoto wa Kyela anajua maji ya Aprili. Hofu ya kununua chumvi dukani ilikuwa ya kifundo cha mguu. Shule ilikuwa ya kiuno. Jumapili ya maswali ilikuwa imefunika kichwa. Walianza na chumvi. Wiki iliyofuata alirudi shule, siku mbili kwa juma, na mwalimu mmoja mwelewa akamruhusu kuingia darasani kabla ya kengele. Lucy alikuja zahanati na habari kwamba mtoto amekula wali na samaki, akaomba tena. Aliieleza habari hiyo huku amemshika Angetile mikono yote miwili, na muuguzi akatokwa na machozi ya furaha mbele ya foleni nzima bila kujali.

Ila kichwa bado kilikuwa chini ya maji.

"Nizungumze na baba yako," Angetile alisema. "Dakika tano tu. Nitamweleza vizuri."

"Hapana," lilikuja jibu kutoka upande wa pili. "Wewe una maneno mengi. Baba ataelewa maneno yako, hatanielewa mimi. Nitasema mwenyewe."

"Lini?"

"Sijui. Lakini usiseme. Uliahidi ya hapa hayatoki."

Kweli aliahidi. Na ahadi ni deni, jamani, lakini hili lilikuwa deni la moto. Siku chache baadaye alikutana na Sylvester kwenye mashine ya kukoboa mpunga, amesimama na gunia lake, shati limejaa pumba, uso umekunjuka.

"Ugonile, Mama Ambwene! Umemsaidia binti, Mungu akubariki. Anakula! Sasa Jumapili utamwona. Atasimama pale kwa adabu yake ile ile, wote watanyamaza."

Maneno yalimjaa Angetile kinywani, moto moto, na yote yalikuwa mazuri. Ungesema mtu amemtia ugali wa kwenye sufuria mdomoni. Alimtazama yule baba, akaona kwamba hana ubaya wowote. Anampenda mwanawe kupita kiasi, na anampenda kwa kitu ambacho hakipo.

"Mungu ni mwema, Mzee Sylvester," alisema, akabeba mchele wake akaondoka haraka. Njia nzima alijisemea peke yake, mpaka watu wakamgeukia.

Jumapili kanisa lilijaa. Lucy alikuwa ameshamwendea mchungaji Lazaro mapema, wakakubaliana mambo madogo: Asifiwe atasimama pembeni karibu na mlango, spika zitapunguzwa, na maswali yatakuwa yale yale sita aliyofanyia mazoezi, kwa mpangilio ule ule. Mchungaji alikuwa mtu mwema, akakubali yote. Angetile alikaa safu ya nne, kiganja kwenye goti la Lucy. Sylvester alikuwa kwenye benchi la wazee wa kanisa, tai imenyooka.

Swali la kwanza, Asifiwe akajibu. La pili, la tatu. Alitazama dirishani, sauti ile ile ya tangazo, neno kwa neno, bila kukwama. La nne lilikuwa amri ya kuwaheshimu baba na mama. Akaitaja, akaeleza maana yake kama walivyofundishwa. Yakabaki la tano na la sita, mambo yaishe salama.

Lakini furaha ikampanda mchungaji. Wema nao una hatari zake. Akafunga kitabu, akatabasamu mpaka macho yakapotea.

"Wapendwa, vijana wengi leo hawajui heshima. Mtazameni Asifiwe! Mwanangu, waeleze wenzako kwa maneno yako mwenyewe: wewe heshima hii umeipataje?"

Swali hilo halikuwamo kwenye yale sita.

Mikono ya Asifiwe ilipanda polepole kuelekea masikioni, ikaishia shingoni. Mtu wa nyuma akakohoa. Lucy alifumba macho. Angetile alijua nini cha kusema, Mungu wangu, alijua sentensi tatu ambazo zingemwokoa mtoto pale pale, na miguu yake ilishaanza kumwinua. Akajikalisha. Akajiziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yakauma mdomo wa chini.

"Sijaipata," alisema Asifiwe.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Sijaipata. Ni hofu. Watu wanaona heshima lakini ni hofu. Nikiwatazama siwasikii, kwa hiyo natazama chini. Sasa hivi naogopa sana." Bado alitazama dirishani. "Baba, usinisifu tena kwa hiyo. Sina."

Minong'ono ikaenea kutoka safu hadi safu. Mchungaji alibaki na kitabu mkononi, hajui akifungue au akiache. Kwenye benchi la wazee, Sylvester akasimama. Kanisa zima likageuza shingo. Alikuwa mtu mrefu, na alikaa amesimama muda ambao Angetile aliuona ni mwaka, uso umemwanguka, mkono unashika tai kama vile inamkaba.

"Kaa, mama," alimwambia binti yake. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Kaa chini, mama yangu. Umeshajibu."

Asifiwe akakaa. Mchungaji alitazama juu, akatazama chini, kisha akamwita kijana mwingine kwa swali la tano.

Baada ya ibada watu walijaa uwanjani kusalimiana. Bibi mmoja wa kwaya ya wazee alimwona Asifiwe akitoka, akamnyooshea mkono. Asifiwe aliupita ule mkono, akawapita wazee wa kanisa waliosimama kikundi, katikati yao kabisa, akashika njia ya Makwale bila kumsalimu mtu.

"Haa!" bibi alishangaa, mkono bado uko hewani. "Jamani, mtoto huyu adabu imemtoka!"

Lucy aliudaka ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa huku anacheka na machozi yanamtiririka.

"Imemtoka, mama," alisema. "Imemtoka kabisa. Ndaga fijo."

Angetile alisimama kando yao na hakuongeza kitu. Alikuwa anamtazama Sylvester, aliyetoka kanisani peke yake, kitabu cha nyimbo kwapani, akaifuata ile njia. Hakumwita binti wala hakukimbia. Walipofika yanapoanzia mashamba ya kakao, Asifiwe alisimama, mgongo kwake, akangoja. Baba alimfikia. Aliinua mkono kama anayetaka kumgeuza bega, akaushusha. Kisha akasimama ubavuni pake, akatazama kule kule alikokuwa anatazama yeye, na kwa mbali ilionekana kwamba mmoja wao anazungumza.